Kilima cha Mweka: kwa nini miguu inagoma wakati wa kushuka, si wakati wa kupanda?

#1 Mtoto wa Kiboriloni

Wakuu, salaam.

Mimi ni mzaliwa wa Moshi. Kili Marathon naifahamu tangu ilipoanza mwaka 2003, kwanza nikiwa mtazamaji pembeni ya barabara, baadaye nikiwa mkimbiaji. Kuna jambo naomba tulijadili kwa hoja.

Kila mwaka wageni wa kilomita 21 wanafika wakiwa na hofu moja tu, nayo ni kile kilima cha kwenda Mweka. Wanakisimulia tangu kwenye basi. Lakini ninachokiona barabarani ni kingine. Wengi wanapanda vizuri kabisa, taratibu, hadi kwenye geuzo. Wanaokaa kwenye kingo za mfereji wakijikanda mapaja, wanaoomba bodaboda, nawakuta kwenye kurudi, barabara ikiwa inashuka na mji unaonekana kule chini.

Kwa asiyeijua njia: mbio zinaanzia na kuishia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, MoCU. Wa kilomita 42 wanapigishwa kwanza tambarare ya barabara kuu ya kwenda Dar, wanarudi mjini, halafu wakiwa tayari wana nusu ya safari miguuni ndipo wanaelekezwa mlimani. Wa 21 wanapata kilima mapema zaidi. Wote wanapanda upande wa Mweka, kilipo Chuo cha Wanyamapori, wanageuka, wanashuka hadi uwanjani.

Hoja yangu: Mweka haimmalizi mtu kwa kupanda, inammaliza kwa kushuka. Anayejua sababu ashuke na maelezo.

#2 Chapa Mwendo

Nimeweka kambi hapa. Wataalamu njooni.

#3 Nyayo za Pugu

Mleta mada, unachokiona ni kweli ila umekamata mtuhumiwa asiyehusika. Miguu inamalizwa kwenye kupanda, dalili zinatokea kwenye kushuka.

Angalia watu wa Dar tunavyoanza. Muziki unapigwa, watu ni maelfu, umelala vizuri, hewa ya asubuhi ni baridi ukilinganisha na Kinondoni. Mtu anaondoka na kasi aliyozoea kwenye tambarare. Kilima kinapoanza hataki kuipunguza kwa sababu saa ya mkononi inamsuta. Anapanda kwa nguvu zote kilomita kadhaa, anatumia wanga wote uliohifadhiwa kwenye misuli. Akifika geuzo ameshakata moto, ila mteremko unambeba kidogo asijue. Kilomita mbili tatu baadaye deni linadaiwa.

Anayepanda kwa adabu anashuka salama. Nimeona wazee wa miaka 60 wakifanya hivyo.

#4 Fizio wa Bondeni

Habari za asubuhi wadau. Hii ni kazi yangu ya kila siku, nitaeleza nijuavyo.

Ukipanda, misuli ya mapaja na makalio inajikunja ikiusukuma mwili juu. Ni kazi nzito kwa moyo na mapafu, kwa hiyo mwenyewe unaisikia na unapunguza kasi. Ukishuka mambo yanageuka. Kila mguu unapotua, uzito unataka kulikunja goti, na msuli wa mbele ya paja unazuia. Unavutwa urefuke huku wenyewe unang'ang'ania. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayochana nyuzi ndogondogo za msuli kuliko nyingine yoyote. Zidisha kwa hatua elfu kadhaa kutoka Mweka hadi mjini.

Hatari yake ni kwamba haichoshi pumzi. Moyo unapiga taratibu, mtu anaongea na mwenzake, saa inaonyesha kasi nzuri kuliko ya siku zote. Anadhani anapumzika. Ghafla paja linatetemeka, goti linalegea, hatua inakuwa fupi bila yeye kupenda. Maumivu yenyewe yanafika kileleni siku ya pili au ya tatu, ndiyo maana Jumanne ofisini unamuona mtu anashuka ngazi kinyumenyume ameshika ukuta.

@Nyayo za Pugu, wanga kuisha ni jambo la kweli pia, lakini dalili zake ni nyingine: kichwa chepesi, mwili mzima unakosa nguvu, hata mikono. Anayejikanda mapaja pembeni ya mfereji akili yake iko sawa na maneno anayo tele. Huyo amepigwa na mteremko.

#5 Mzee wa Pasua

Vijana mnazunguka mbuyu. Ni jua.

Mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi ndiyo miezi Moshi inapowaka kabla ya masika. Mbio zinaanza asubuhi na mapema, mlima uko wazi, ubaridi upo. Mnapanda Mweka mkiwa katikati ya migomba na mibuni, kuna kivuli, maji ya mifereji yanapita kando, akina mama wanawapigia vigelegele. Mkigeuka jua limeshapanda. Na kila kilomita mnayoshuka, miti inapungua na joto linaongezeka. Mnatoka kwenye vihamba mnaingia kwenye lami tupu ya mjini.

Mtu anasema mteremko umemuua, kumbe ameondoka kwenye hewa nzuri akaingia kwenye tanuri. Mkimbie njia hiyohiyo mwezi Julai halafu mje mniambie.

#6 Dada wa Soweto

Shikamoo @Mzee wa Pasua. Hili la kivuli nakuunga mkono. Mimi hukaa na dumu la maji na vikombe sehemu ya chini, karibu na mjini. Waliotangulia wanapita wakavu. Wanaochelewa, wanaotumia saa mbili na nusu na kuendelea njiani, wanamwagia maji kichwani kwanza ndipo wanakunywa. Nyuso zao ni nyekundu au zimepauka chumvi. Ukiwauliza wapi panauma wanasema "kila mahali", hawasemi paja.

#7 Mzee wa Pasua

Marahaba binti yangu. Umeona eh.

#8 Gavana wa Mbezi

Jamani mbona mnasahau hewa? Sisi tunaoishi usawa wa bahari tukifika Moshi ni mlimani, hewa nyembamba. Mweka ndiyo pale watu wanaposhukia kutoka kilele cha Kilimanjaro! Mapafu ya pwani hayajazoea. Mwili ukikosa oksijeni kwa saa nzima ya kupanda, lazima miguu igome baadaye.

#9 Fizio wa Bondeni

@Gavana wa Mbezi, wapanda mlima wanashukia lango la Mweka, ambalo liko juu zaidi. Mbio zinageuka kabla, huko chini kwenye vijiji. Moshi mjini ni kama mita 800 hadi 900 hivi, na geuzo ni zaidi kidogo ya mita 1,100. Hiyo bado ni chini kuliko Arusha mjini, na watu wa Dar wanakwenda Arusha wanacheza mpira dakika 90 bila kuzimia.

#10 Gavana wa Mbezi

Kucheza mpira na kupanda kilima kilomita kumi mfululizo ni sawa kweli? Nasimamia hoja yangu. Hata mita mia chache zinapunguza kitu kwa mtu anayekimbia karibu na ukomo wa uwezo wake.

#11 Mwana Kaptagat

Habari zenu majirani. Niko Eldoret, nimekuja Moshi kwa hizo mbio na nitarudi Mungu akipenda.

Huku kwetu vilima si habari, Iten yenyewe iko mita 2,400. Lakini kuna jambo la kujifunza. Kuna barabara inaitwa Fluorspar, inatoka chini Bonde la Kerio inapanda ukingo wa bonde takriban kilomita 21, kupanda tu mwanzo mwisho. Wakimbiaji wakubwa huifanyia mazoezi. Wakimaliza juu, wanaingia gari. Hakuna anayekimbia kurudi chini kwa kasi kama sehemu ya zoezi hilo. Makocha wanataka faida ya kilima bila kuiharibu miguu.

Kwa hivyo mimi niko na Fizio. Watu wanaoishi kwa riadha wanauogopa mteremko kuliko kilima.

#12 Nyayo za Pugu

@Mwana Kaptagat karibu sana jirani. Ila hapo hapo umenipa silaha. Kama kushuka ndiko kunakoharibu, na hawafanyi mazoezi ya kushuka, mbona wakija Moshi wanashuka kama maji na wanachukua zawadi zote? Wangekuwa wa kwanza kukaa kwenye mfereji.

#13 Mwana Kaptagat

Kaka, wanashuka kila siku kwenye mbio zao za kawaida. Barabara za vumbi za huku hazina tambarare, unapanda unashuka asubuhi na jioni tangu unaenda shule. Nilisema hawashuki kwa kasi baada ya Fluorspar. Soma vizuri halafu utupe hizo zawadi.

#14 Chapa Mwendo

Nyayo za Pugu amepigwa breki ya ghafla 😂

#15 Ushirika Damu

Salaam. Nimesoma pale Ushirika, natetea chuo kabla ya kuchangia mada, maana kwenye uzi mwingine humu jukwaani nimesoma kwamba MoCU ni chuo cha juzi 2014. Mwaka 2014 ndipo kilipopata hadhi ya chuo kikuu kamili. Kabla ya hapo kilikuwa chini ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na chuo chenyewe cha ushirika kipo tangu 1963. Na Chuo cha Wanyamapori Mweka nacho ni cha 1963. Kwa hiyo mnaanzia kwenye chuo cha mwaka huo na mnageukia upande wa chuo kingine cha mwaka huohuo. Ongeza hospitali ya KCMC na chuo chake cha tiba, Chuo Kikuu cha Mwenge, Chuo cha Polisi. Moshi ni mji wa wanafunzi, na siku ya mbio nusu ya wanaoshangilia ni wanafunzi.

Sasa sababu yangu. Wageni wengi wanafika Jumamosi. Wamekaa kwenye basi kutoka Dar mchana kutwa, magoti yamekunjwa, maji wamekwepa kunywa ili wasisumbue njiani. Wakishuka wanakwenda kuchukua namba. Usiku mji mzima ni sherehe, nyama choma na vinywaji hadi usiku mkubwa. Alfajiri ndiyo hao uwanjani.

Mtu aliyelala kwa saa tatu tu, mwenye upungufu wa maji tangu juzi, mnamtafutia nyuzi za misuli? Angegoma hata kwenye tambarare ya kwenda Himo.

#16 Dada wa Soweto

Hapo Ushirika Damu umesema. Harufu ya jana yake naisikia wakipokea kikombe.

#17 Daktari Kijijini

Nimefuatilia kimya, ila kuna jambo sikulala nalo.

Watu wengi, hasa wanaoogopa maumivu ya mapaja, wanameza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ya mbio "ili miguu isiume". Naomba muache kabisa. Ukikimbia kwenye joto, damu inakimbilia kwenye misuli na ngozi, figo zinapata kidogo. Dawa hizo zinaibana zaidi damu inayokwenda kwenye figo. Juu yake msuli uliochanika kwenye mteremko unamwaga takataka zake kwenye damu, na figo hizohizo ndizo zinazotakiwa kuzichuja. Baada ya mbio mtu akikojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kokakola, asisubiri kesho. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Na maji: kunywa ukisikia kiu. Kuna wanaokunywa kila kituo vikombe vitatu kwa sababu wameambiwa Moshi kuna joto. Maji mengi kupita kiasi yanazimua chumvi ya damu, na mtu anachanganyikiwa, anatapika, anaweza kupoteza maisha. Kichwa kikiuma na tumbo limejaa maji, acha kunywa, tafuta msaada.

Mengine endeleeni kubishana, mimi naona kila mmoja ana kipande cha ukweli kutegemea mgonjwa aliyemuona.

#18 Mtoto wa Kiboriloni

Asante sana daktari. Mods, kama inawezekana hilo la #17 libandikwe juu.

#19 Raba Nyeupe

Naomba niwatoe Moshi kidogo niwapeleke Boston, maana kisa ni kilekile na kinatuhusu.

Boston nayo inapita kwenye miji ya vyuo. Karibu na nusu ya njia kuna chuo cha wanawake cha Wellesley, wanafunzi wanapiga kelele hadi masikio yanauma. Kuanzia kama kilomita ya 26 kuna vilima vya Newton, vinne, cha mwisho kinaitwa Heartbreak Hill, kinaishia baada kidogo ya kilomita ya 33. Juu yake tu kuna Boston College. Kilima chenyewe si kirefu. Mtu wa Kibosho angekipanda na mkungu wa ndizi kichwani. Lakini kimewaangusha mabingwa, kwa sababu kabla ya kukifikia barabara inashuka na kushuka tangu kule Hopkinton inakoanzia. Mapaja yanafika Newton yakiwa yameshapigwa.

Kwa hiyo Moshi unapanda halafu unashuka, Boston unashuka halafu unapanda, na kote anayelaumiwa ni kilima. Mzee wetu Juma Ikangaa alishinda pale miaka ya themanini kwa sababu alifanya mazoezi ya milima hiihii ya kwetu.

#20 Kumbukumbu za Riadha

@Raba Nyeupe, uzi mzuri, ila Ikangaa hakushinda Boston. Alikuwa wa pili mara tatu mfululizo: 1988, 1989 na 1990. Ile ya 1988 ndiyo inauma mpaka leo, Ibrahim Hussein wa Kenya 2:08:43, Ikangaa 2:08:44. Sekunde moja baada ya kilomita 42! Hussein akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston. Mwaka uliofuata Abebe Mekonnen wa Ethiopia, halafu Gelindo Bordin wa Italia. Alichoshinda Ikangaa ni New York mwaka 1989, kwa 2:08:01.

Na alivyokuwa anakimbia kunahusu mada hii. Alikuwa anaongoza tangu mwanzo, anavuta kundi zima kwa kasi kali. Kwenye njia inayoanza kwa kushuka, mtindo huo una gharama yake. Nani anaweza kusema angeshinda kama angetulia nyuma? Ila bila kasi yake wale wengine nao wasingepata muda waliopata.

#21 Raba Nyeupe

Nimekupata mkuu, ahsante kwa rekodi. Sekunde moja!

#22 Gavana wa Mbezi

Kama Boston inashuka hivyo, mbona watu hawaendi kuvunja rekodi ya dunia huko?

#23 Kumbukumbu za Riadha

Wanakimbia haraka ila haihesabiwi. Njia ya rekodi isishuke zaidi ya mita moja kwa kila kilomita, na umbali wa kuanzia na kumalizia kwa mstari ulionyooka usizidi nusu ya urefu wa mbio. Boston inavunja yote mawili, inashuka takriban mita 140 na inakwenda upande mmoja, upepo ukiwa mgongoni ni neema. Mwaka 2011 Geoffrey Mutai alikimbia 2:03:02, muda ambao dunia haikuwa imewahi kuuona, na haukuwa rekodi ya dunia.

Lakini Kipchoge naye, mwaka 2023, aliachwa kwenye vilima vya Newton akamaliza wa sita. Mwaka huohuo Gabriel Geay wetu alikuwa wa pili nyuma ya Evans Chebet. Mwaka 2025 Alphonce Simbu naye wa pili nyuma ya John Korir. Boston na Watanzania tuna jambo letu na nafasi ya pili.

#24 Chapa Mwendo

Simbu aliifuta hiyo Septemba ya mwaka huohuo kule Tokyo. Dhahabu ya dunia, yeye na Mjerumani Petros wote 2:09:48, wametenganishwa na sekunde 0.03. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga mlango.

#25 Ushirika Damu

Ile ilikuwa mbio ya mita 100 iliyoanza kilomita 42 nyuma. Sasa turudi Mweka, tutafungiwa uzi.

#26 Seremala wa Majengo

Wote mmezungumza juu ya miguu na jua. Hakuna aliyeiangalia barabara yenyewe.

Barabara ya lami ina mgongo. Katikati pameinuka, pembeni panainama ili maji yaende mferejini, na mlimani mvua ni nyingi. Wakimbiaji wa kilomita 21 wanabanwa upande mmoja kwa sababu wanaopanda na wanaoshuka wanapishana. Kwa hiyo mguu mmoja unatua chini kuliko mwenzake njia nzima. Kwenye kupanda mwendo ni mdogo, haina shida. Kwenye kushuka kwa kasi goti moja linapigwa zaidi, nyonga moja inavutwa. Waulizeni wanaoumia kama wanaumia miguu yote sawasawa. Mimi nilipofanya hivyo, wengi walinionyesha mguu mmoja, upande wa nje wa goti.

#27 Fizio wa Bondeni

@Seremala wa Majengo hoja ina mashiko. Maumivu ya nje ya goti ni ya ule mshipa mpana unaotoka nyonga, na mteremko na barabara iliyolala upande vyote vinauchokoza. Ila huyo ni mgonjwa tofauti na wa mapaja. Humu ndani tunawachanganya wagonjwa watatu au wanne kwenye kitanda kimoja.

#28 Kinyonga wa Kisarawe

Naomba msaada, niko Dar, ndiyo mara yangu ya kwanza kwenda. Hapa tambarare kila upande. Nifanyeje na huo mteremko?

#29 Nyayo za Pugu

Karibu kundini. Jumapili moja nenda Mlimani UDSM, zunguka kutokea Chuo Kikuu kushuka upande wa Changanyikeni na kurudi. Jumapili nyingine vilima vya Pugu kwenda Kisarawe, nadhani wewe ni mwenyeji huko kwa jina lako. Panda polepole uwezavyo kuongea.

#30 Fizio wa Bondeni

Na ushuke pia, hapo ndipo penye dawa. Msuli ukishapigwa na mteremko mara moja kwa kiasi, unajijenga, na mara inayofuata hauumii vile. Kinga hiyo inakaa wiki kadhaa. Kwa hiyo fanya zoezi la kushuka wiki tatu nne kabla ya Moshi, lisiwe la kufa mtu. Wiki ya mwisho usiguse mteremko.

Siku yenyewe, ukigeuka, fupisha hatua. Mguu utue chini ya mwili, usiurushe mbele. Goti lisinyooke kabisa.

#31 Mwana Kaptagat

Mimi ningemwambia asijizuie. Anayeegemea nyuma na kufunga breki kila hatua ndiye anayejiumiza. Huku tunafundishwa kuachia mwili uende na mlima, mikono iwe huru, macho mbele.

#32 Mzee wa Pasua

Kijana wa Kisarawe usije ukaachia mwili uende na mlima kwa ushauri wa mtu aliyezaliwa mita 2,400. Utaokotwa Shanty Town.

#33 Fizio wa Bondeni

Hapa nampinga jirani yangu wa Kaptagat kwa heshima. Kuachia ni kwa mwenye misuli iliyozoea. Mgeni akiachia, anafika katikati ya mteremko hana tena uwezo wa kujizuia hata akitaka.

#34 Mwana Kaptagat

Na akijizuia kilomita zote hizo anafika na mapaja gani? Wewe mwenyewe umesema breki ndiyo inachana msuli. Hatua fupi sawa, nakubali. Lakini breki hapana.

#35 Dada wa Soweto

Niwape mfano wa karibu. Kuna mama wa kule juu Kibosho, umri wake ni mkubwa, siku za soko anashuka na mzigo wa ndizi na kupanda na mahitaji. Mwaka mmoja wajukuu walimwandikisha zile za kujifurahisha, kilomita tano. Kesho yake alishuka sokoni na mzigo wake kama kawaida, hana hata kigugumizi cha goti. Vijana wa mjini aliokimbia nao walikuwa wanatembea kama wamevaa mbao.

#36 Fizio wa Bondeni

Ndicho ninachosema. Msuli uliozoea kushuka.

#37 Mzee wa Pasua

Ndicho ninachosema mimi. Kilomita tano zinaisha kabla jua halijawaka.

#38 Ushirika Damu

Na alilala nyumbani kwake, akanywa mtori. Hakutoka kwenye basi la Dar.

#39 Nyayo za Pugu

Na hakuwa na saa mkononi ya kumsuta, alianza taratibu. Ongezeni na mimi hapo.

#40 Kinyonga wa Kisarawe

Sasa wakuu mimi nishike lipi? Nimeshalipia usajili na nauli.

#41 Mtoto wa Kiboriloni

@Kinyonga wa Kisarawe njoo Ijumaa, usije Jumamosi. Fanya zoezi la kushuka alilokwambia Fizio. Kofia ya Mzee wa Pasua vaa. Dawa za maumivu acha nyumbani. Panda kama Nyayo za Pugu anavyosema, ukiweza kuongea na mwenzako. Kuhusu kuachia au kuzuia, hapo subiri hawa wawili wamalizane kwanza.

Nina ombi kwa wengine. Mtakaokimbia mwaka huu, mkikwama kwenye kushuka, mje mtuandikie humu: mlikwama saa ngapi, paja au goti, mguu mmoja au yote, mlilala wapi, mlianza kwa kasi gani. Tukipata watu wa kutosha tutajua nani kati yetu anawaona wengi.

#42 Seremala wa Majengo

Na waseme walikuwa upande gani wa barabara.

#43 Gavana wa Mbezi

Na wametokea mkoa gani. Hewa bado haijajibiwa.